Chungungo wa Jicho Moja

Walinipa bendera kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kuishika, na waliniambia hivyo hivyo, usoni, bila haya. Don Eleuterio, mwenyekiti wa umoja wetu wa wavuvi na mpiga ngoma wa kikundi chetu cha filimbi, alikuja mlangoni kwangu siku nne kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Petro. Kofia ilikuwa mkononi na macho yalikuwa kwenye viatu vyake.

"Doña Uberlinda," akasema, "tumekaa, tumefikiri. Baba yako hatunaye tena, Mungu amrehemu. Kaka yako... basi, mambo ya kaka yako unayajua. Sasa kabaki nani?"

"Kabaki mbuzi wangu," nikamwambia. "Sauti anayo."

"Mama, usinifanyie hivyo. Bila mshika bendera Petro hatoki kanisani. Na wale wa Wajane Watatu wanakuja na kikundi chao, na Abelardo wao mbele. Unataka aje ambebe Mtakatifu wetu hivi hivi, kama anabeba mkate dukani?"

Sikutaka. Hapa Chungungo hakuna aliyetaka. Wajane Watatu ni kijiji cha jirani, nyuma ya rasi, na kila tarehe ishirini na tisa Juni wanakuja na filimbi zao, nasi tunawangoja na zetu mbele ya kanisa. Washika bendera wawili hujibizana kwa beti mbele ya sanamu ya Petro. Anayeshindwa kujibu hushusha bendera, na mashua ya kijiji cha mshindi ndiyo humbeba Mtakatifu baharini. Baba yangu, Don Belisario Alquinta, aliishika bendera yetu miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo aliishusha mara moja tu, siku aliyokuwa na homa.

Mimi nilikuwa napiga pasi nguo zake za sherehe na kumsikiliza akijifunza. Beti zake zote ninazo kichwani. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama ninazo.

"Nitaishika," nikasema.

"Kwa sharti moja." Don Eleuterio akaigeuza kofia. "Usiimbe habari za Lisandro. Shauri lake ni Jumapili, mkutanoni, kwa kura. Mbele ya Petro tuimbe mambo ya Petro."

"Kura mmeshapiga ninyi, mioyoni mwenu."

"Mama..."

"Nimesikia, Don Eleuterio. Sitamtaja."

Na sikumtaja. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadai nilivunja neno langu.

Shauri lenyewe lilikuwa hivi. Tuna kipande cha bahari tulichopewa kukitunza, na katikati yake limesimama Jiwe la Padre. Humo ndimo wanamokaa loko wetu. Loko ni konokono mkubwa anayekumbatia mwamba, na nyama yake huitafuni mpaka uitie guniani na kuipigiza chini hadi bega liume. Ndiye anayetulisha, ndiye aliyetujengea vyumba. Kwa miaka mitano hakuna mtu wa nje aliyeruhusiwa kuzama humo, na sisi wenyewe tunazama kwa siku zilizopangwa tu.

Mlinzi wa eneo hilo ni kaka yangu, Lisandro. Zamani alikuwa mzamiaji kuliko wazamiaji wote wa hapa, mpaka siku moja akazama chini kuliko inavyofaa, akarudi juu damu inamtoka masikioni. Alizama wapi, hakumwambia mtu. Tangu siku ile sikio lake la kushoto limekufa na la kulia linasikia likipenda. Wakampa darubini na kibanda mlimani, wakamwambia alinde.

Mwezi Aprili Don Eleuterio na wenzake wawili walizama kuhesabu loko. Walipofika upande wa baharini wa Jiwe la Padre wakakuta mwamba umefagiliwa, mweupe, hakuna kitu. Na mlinzi hakuona mtu. Basi ikawa rahisi: kama mlinzi hakuona mwizi, mwizi ni mlinzi. Walipomkalia kikao, kaka yangu akapandwa na hasira akafoka, "Kawaulizeni chungungo!" Wakacheka mpaka wakalia. Chungungo ni fisi maji wetu wa baharini, mwili mdogo, masharubu mengi. Kama mji ulichukua jina lake au yeye alichukua la mji, hatujui wala hatugombani. Anakula kaa na visamaki. Hata angekula mwaka mzima bila kupumzika asingeweza kuumaliza mwamba ule, na kila mtu alilijua hilo, Lisandro akiwa wa kwanza. Lakini tangu siku hiyo akawa anaitwa chungungo mwenye viatu.

Akifukuzwa, jina lake linafutwa kwenye orodha, na asiye na jina kwenye orodha haruhusiwi kuchuma hata mwani. Angekwenda kaskazini, jangwani kwenye migodi, mzee wa miaka hamsini na sita na nusu sikio, akafagie ofisi za watu. Bahari asingeiona tena.

Don Eleuterio alipoondoka, nikamwita kaka yangu anywe chai. Nikamwekea mkate wa moto na jibini ya mbuzi, nikaketi upande wake wa kulia.

"Upande wa baharini wa Jiwe la Padre," nikamwambia, "nani anaujua?"

"Usipige kelele, mimi si kiziwi."

"Wewe ni kiziwi, Lisandro."

"Nusu." Akakata mkate. "Naujua mimi. Don Eleuterio na wale wawili wa kuhesabu. Wengine huishia upande wa ufukweni. Na yule jike wa jicho moja."

"Jike gani tena?"

"Chungungo, Linda. Jicho lake la kushoto limepofuka. Anakaa ngazi ya juu, pale mwamba unapoingia ndani. Kutoka mlimani humwoni, kutoka ufukweni humwoni, hata ukipita na mashua humwoni mpaka uzunguke na kuingia kwenye mwanya wenyewe. Nilipokuwa nazama alikuwa ananipokonya kaa mkononi. Mkononi! Halafu anakwenda kulala chali anakula, ananitazama kwa lile jicho zima."

"Umesema ngazi."

"Mwamba umekatika kama ngazi, unashuka. Ulikuwa umejaa loko, huna pa kuweka kidole." Akasukuma sahani. "Ukungu ukishuka sioni kitu kule juu. Mtu akija kwa makasia, injini kazima, nitamsikia kwa nini? Kwa pua?"

"Mbona hukuwaambia hayo mkutanoni?"

"Niwaambie mlinzi wao hasikii? Walijua waliponipa kazi. Nilidhani wananionea huruma, kumbe walikuwa wananiwekea mtego."

Akalia, kaka yangu. Sijawahi kumwona analia, hata kwenye mazishi ya baba. Nikajifanya natafuta sukari.

Ni pale kabatini, nyuma ya sukari, ndipo nilipomkumbuka Abelardo Zarricueta, yule mshika bendera wa Wajane Watatu. Alikuja kwenye msiba wa baba, akaketi meza hii hii, akala sahani mbili, na ndiye mtu wa kwanza niliyemsikia akisema kwamba mlinzi wa Chungungo ameanza kunenepa. Ilikuwa Machi. Loko walihesabiwa Aprili. Mwezi mzima kabla ya sisi kujua tumeibiwa, yeye alikwishampata mwizi! Ushahidi sikuwa nao. Nilikuwa na hasira, na hasira haipelekwi mkutanoni.

Lakini kuna jambo moja nililijua kuhusu Abelardo, na nililijua kutoka kwa baba. Abelardo hawezi kupitwa na kosa. Mwaka mmoja baba aliimba kwamba jogoo wa Petro aliwika mara mbili. Abelardo alikuwa ameshashinda ubeti ule, angeweza kuuacha, lakini wapi! Akarudi kuimba kwamba ni mara moja. Wakabishana kwa beti kumi na nne, watu wakakaa chini, supu ikapoa, mpaka padri akatoka akasema Injili zenyewe hazikubaliani. Baba alirudi nyumbani anacheka. "Yule bwana," akaniambia, "mwonyeshe kosa, na atalirekebisha hata kama nyumba yake inaungua."

Siku zile nne nilianika mwani ufukweni huku natunga. Wenzangu wakadhani nasali.

Siku ya Petro ilianza na ukungu mzito, baridi inaingia hadi kwenye meno. Mashua zilikuwa zimefungwa maua ya karatasi, yote yamelowa. Mwaka huo hata empanada, sambusa zetu za sikukuu, zilikuwa za jibini, kwa kuwa loko hawakuwapo, na kila aliyeuma moja alimtupia kaka yangu jicho. Lisandro alisimama peke yake pembeni, karibu na ukuta wa kanisa, koti lake jeusi limefungwa vifungo vyote.

Kikundi chetu kina wapiga filimbi kumi na mmoja. Tulipowaona wa Wajane Watatu wanateremka barabarani, walikuwa ishirini, mavazi mekundu ya mahameli, filimbi zinakwaruza hewa. Abelardo alikuwa mbele, mrefu, mwenye jino la dhahabu. Akanitazama mimi, akaitazama bendera, akageuka kwa Don Eleuterio.

"Mzee, mmeishiwa wanaume?"

"Tumewahifadhi," nikamjibu mimi. "Kazi hii ni ndogo."

Watu wakaguna. Petro akatolewa hadi mlangoni, na joho lake jipya la bluu, ufunguo wake mkononi. Filimbi zikanyamaza, ngoma ya Don Eleuterio ikabaki inapiga taratibu. Kwa kawaida mgeni huanza. Abelardo akainua bendera yake, akaimba kwa ile sauti ambayo, niseme ukweli, ni nzuri:

Petro mwenye ufunguo,
nimekuja kukuona;
wenyeji wako walala,
mlinzi wao kanona.

Na desturi ni kwamba kikundi hurudia mistari miwili ya mwisho. Basi watu ishirini wakaimba kwa pamoja kwamba mlinzi wetu kanona. Nikamwona kaka yangu anainamisha kichwa. Hakusikia maneno, lakini aliona nyuso zikimgeukia. Nikamtazama Don Eleuterio: sharti lake lilinifunga mimi, halikumfunga mgeni. Akakwepesha macho.

Nikaimba:

Karibu mgeni wetu,
sauti yako ni njema;
ngojea tukusikie,
Petro naye atasema.

Kumi na mmoja wangu wakarudia. Mtu nyuma akasema, "Eh, ana sauti ya baba yake."

Abelardo alitabasamu. Ubeti wangu ulikuwa mwepesi, na alidhani ni wa woga. Akaja tena:

Nasikia loko wenu
wameliwa na chungungo;
chungungo mwenye viatu
na gunia la uwongo.

Kicheko kilicholipuka hakikuwa cha wageni tu. Watu wetu walicheka, watu niliowalelea watoto. Nikasikia mwanamke anasema, "Kampata, kampata!" Damu ilinipanda mpaka bendera ikatikisika, na kama ningefuata moyo wangu ningempiga nayo kichwani mbele ya Petro na padri wake. Ngoma ikazunguka mara moja. Ikizunguka mara tatu bila jibu nimeshindwa.

Nikamgeukia Petro. Nikamwambia kimoyomoyo: Mtakatifu wangu, nakwenda kusema uongo mbele yako. Wewe mwenyewe ulidanganya mara tatu usiku mmoja na funguo hukunyang'anywa. Mimi nisamehe huu mmoja.

Kisha nikamwimbia Abelardo, polepole, kama mtu anayejikaza asionekane mjinga:

Jiwe la Padre najua,
upande wa baharini
kuna mchanga mtupu:
loko atashika nini?

Kikundi changu kilirudia kwa unyonge. Wazamiaji wetu wakatazamana. Don Eleuterio alinikunjia uso, na nilijua anawaza nini: huyu mama anaokota mwani, kazi ya wazamiaji anaijulia wapi, anatuaibisha.

Nami nikamtazama Abelardo tu. Nililiona kosa langu likimwingia. Alifumba mdomo, akaufumbua. Mkewe, aliyesimama na wageni, akatikisa kichwa kidogo kumwambia acha. Alikuwa ameshanishinda, angeimba ubeti mmoja wa kumsifu Petro, akambeba akaenda zake. Jino la dhahabu likang'aa.

Mama, hujui bahari,
hapo ni ngazi za mwamba;
ngazi tatu kwenda chini,
kwa loko zimejipamba.

Na wale ishirini wakarudia, kwa furaha, kwa mapafu yote, uwanja mzima wa kanisa ukawapokea: ngazi tatu kwenda chini, kwa loko zimejipamba! Angeishia hapo labda angejitetea. Lakini mwimbaji akishika utamu hajui kuachia, na Abelardo alikuwa ameshika:

Chungungo wa jicho moja
hukaa ngazi ya juu;
aliniibia kaa
kwa madaha na makuu.

Watu walicheka, maana ubeti ulikuwa mzuri. Kisha wakagundua kuna kitu kimepungua. Ngoma ilikuwa imenyamaza.

Don Eleuterio alisimama na fimbo ya ngoma hewani. Miaka yote niliyomjua, ngoma ile haijawahi kukatika katikati ya beti, hata mwaka wa tetemeko. Uso wake ulikuwa umepoteza rangi. Wale wenzake wawili wa kuhesabu walikuwa katika mstari wa filimbi, na filimbi zao zilikuwa zimeshuka hadi kiunoni. Abelardo aliitazama ile fimbo, na nikaona jinsi ufahamu ulivyomfikia, kuanzia kwenye macho mpaka kwenye mabega.

"Piga, Don Eleuterio," nikasema. "Zamu yangu."

Akapiga. Nikaiinua bendera ya baba yangu juu kabisa:

Asante mgeni wetu,
ngazi zote wazijua;
ufunguo ni wa Petro:
nani basi kafungua?

Kumi na mmoja wangu wakarudia, na mara hii hawakuwa kumi na mmoja. Uwanja mzima ulirudia, wanawake wa empanada, watoto, hata padri niliuona mdomo wake unakwenda. Nani basi kafungua! Ngoma ikazunguka mara moja. Abelardo akafungua mdomo. Ngoma ikazunguka mara ya pili.

"Nilisimuliwa," akasema, bila kuimba.

"Hapa huongei, unaimba!" mtu akamkemea.

"Na nani kakusimulia?" Don Eleuterio akauliza, huku anapiga. "Yule mnyama tunamjua wanne. Mimi sikumsimulia hata mke wangu."

"Kweli," mke wa Don Eleuterio akapaza sauti. "Huyu hanisimulii kitu."

"Basi ni mlinzi wenu!" Abelardo akasema. "Mlinzi ndiye—"

"Abelardo, nyamaza." Aliyesema hivyo alikuwa mpiga filimbi wao wa kwanza, mzee Nicanor, ndevu nyeupe, mtu asiyejulikana kwa maneno mengi. Aliivua filimbi shingoni. "Nimerudia mistari yako miaka ishirini. Huu siurudii. Tulikwenda mara sita, ndani ya ukungu, kwa makasia. Mlinzi wao hakujua chochote. Mimi nilikuwa kwenye makasia, na Petro ananisikia."

Ngoma ikazunguka mara ya tatu. Abelardo Zarricueta akaishusha bendera yake mpaka ikagusa vumbi.

Kelele zilizofuata sizisimulii, maana mimi mwenyewe nilikuwa napiga zaidi ya wote. Nilimbusu Petro kwenye kidole gumba cha mguu. Nilimbusu padri. Kisha nikamtafuta kaka yangu pale ukutani, na hakuwapo.

Alikuwa anaondoka! Hakusikia hata neno moja. Aliona ngoma imenyamaza, akaona bendera imeshushwa bila kujua ni ya nani, akaona mji mzima umegeuka kumtazama na kupiga makelele, akadhani ndiyo kura yenyewe, wameileta mapema. Alikuwa ameshafika kwenye njia ya mlimani, koti limefungwa vifungo vyote, anakwenda kukusanya vitu vyake.

Nikapandisha sketi nikakimbia, bendera begani, na nyuma yangu kikundi chote na Don Eleuterio na ngoma yake. Tulipomfikia, aligeuka akainua mikono kujikinga. Hicho kitu kiliniuma, na nadhani kiliwauma wote.

Don Eleuterio akavua kofia. Akamsogelea, akamshika bega, akainama sikioni. "Lisandro, ndugu yangu," akasema, "tumekukosea. Mimi nimekukosea kuliko wote. Utusamehe."

Kaka yangu akamtazama tu.

"Sikio jingine, Don Eleuterio!" tukapiga kelele sote. "Sikio jingine!"

Mzee wa watu akazunguka, akaanza upya. Nikaona uso wa kaka yangu unabadilika polepole, na mikono yake inashuka. Alifungua kifungo cha juu cha koti. Halafu cha pili.

"Kwa hiyo sifukuzwi?" akauliza.

"Wewe ndiye unayemwendesha Petro leo," Don Eleuterio akasema. "Shika usukani wewe."

Tukaingia baharini saa sita, ukungu umeanza kupasuka, mashua yetu mbele na nyingine zote nyuma, filimbi juu ya maji. Abelardo alikuwa amebaki ufukweni. Mambo yake yangekwenda kwa wanaohusika, na Nicanor alisema atakwenda mwenyewe kueleza. Don Eleuterio alimkumbatia Petro kiunoni ili asianguke. Mimi nilikaa nyuma, karibu na kaka yangu, upande wa kulia.

Tulipozunguka Jiwe la Padre tukamwona. Alikuwa amelala chali majini, kaa kifuani, anamvunja kwa meno, hana habari na Mtakatifu wala na mtu. Akatutazama kwa lile jicho zima. Akaona ni sisi tu, akaendelea kula.

"Niimbie," Lisandro akasema. "Kila mtu kasikia isipokuwa mimi. Huyo bwana aliimba nini?"

Nikamwimbia sikioni ubeti wa Abelardo, ule wa ngazi. Alisikiliza amekunja uso. Nilipofika mwisho akatikisa kichwa.

"Tatu?" akasema. "Kakosea. Ngazi ni nne."

"Nne?"

"Ya nne iko chini sana, gizani, chini ya mdomo wa mwamba. Wanaohesabu hawafiki. Mimi nilifika mara moja." Akagusa sikio lake la kushoto. "Nikaapa simwambii mtu, maana angekwenda, na angeacha zaidi ya sikio."

"Na juu ya hiyo ngazi kuna nini, Lisandro?"

Akaachia usukani ili anionyeshe kwa mikono miwili. Alionyesha kitu kikubwa kama sahani ya supu. Mashua ikayumba, Petro akainama, watu wakapiga yowe, Don Eleuterio akamng'ang'ania Mtakatifu mpaka joho likapanda kichwani.

"Loko wamejaa," kaka yangu akasema, akaushika tena usukani. "Wamama wakubwa, Linda. Hao ndio wanaozaa. Hakuna aliyewahi kuwagusa. Miaka miwili, mitatu, watazijaza zile ngazi tatu tena." Na akacheka, mara ya kwanza tangu Aprili, akacheka kwa sauti kubwa, kama mtu asiyeisikia mwenyewe.

"Anasema nini?" Don Eleuterio akauliza kutoka mbele, sasa amekumbatia magoti ya Petro. "Doña Uberlinda! Kaka yako anasema nini?"

Nikaiweka sawa bendera begani.

"Utaambiwa Jumapili," nikamjibu. "Mkutanoni. Kwa kura."